Kuhusu na Kuhusiana

Lugha ya Kiingereza ina kitenzi kitumikacho kila siku katika ofisi, mahakama na vyuo, nacho ni ‘relate’. Kazi yake ni kueleza namna kitu kimoja kilivyofungamana na kingine. Mwingereza hukitumia kwa hadithi inayosimuliwa, kwa sheria na jambo linalotawaliwa na sheria hiyo, kwa watu wa damu moja, kwa chanzo na tokeo lake, na hata kwa mtu anayeguswa na hali ya mwenziwe. Mswahili anapotaka kuyasema hayo yote hawezi kushika neno moja. Husema kusimulia, kuhusu, kuhusika, kuhusiana, kuwa ndugu, kufungamana, kuelewana. Kila moja lina mahali pake. Lakini katika miongo ya karibuni, hasa katika maandishi yaliyofasiriwa, neno moja kati ya hayo limekuwa likila nafasi ya wenzake. Popote palipoandikwa ‘relate’, mfasiri huandika kuhusiana, kisha akaendelea na safari yake. Historia ya maneno haya mawili, kuhusu na kuhusiana, yaonyesha kwamba hasara ya desturi hiyo ni kubwa kuliko idhaniwavyo, maana kati ya neno moja na jingine pana swali la haki: jambo hili ni la nani?

Yafaa kuanza na neno la kigeni lenyewe. Asili yake ni Kilatini. Waroma walikuwa na kitenzi referre, maana yake kuchukua kitu na kukirudisha, na umbo lake la kutendwa lilikuwa relatus. Kiingereza kilipokea maumbo yote mawili. La kwanza likawa ‘refer’, la pili likawa ‘relate’. Katika karne ya 16 neno ‘relate’ lilikuwa na maana ya kusimulia, kwa kuwa msimulizi huichukua habari kutoka ilikotukia akairudisha kwa wasikilizaji. Katika karne ya 17 likaongezewa maana ya kitu kuelekea kitu kingine au kufungamana nacho. Katikati ya karne ya 20, kwa njia ya elimu ya nafsi, likapata maana mpya ya mtu kujiona yu karibu na mtu mwingine. Mwendo wa maana hizo zote ni mmoja: mzigo unatoka hapa unapelekwa kule. Kiingereza hakimlazimishi msemaji aseme kama kule nako kunajibu, wala kama mzigo huo ni fungu la mwenye kupelekewa.

Neno husu lilifika Afrika Mashariki kwa njia nyingine. Shina lake ni la Kiarabu, khassa, ambalo maana yake ni kutenga kitu kikawa cha mmoja pasipo wengine. Kutoka shina hilo Kiswahili kimepata pia hasa, mahsusi na hususan, na wanazuoni wa sheria ya Kiislamu hulitumia neno khas kuwa kinyume cha am, yaani la mmoja dhidi ya la wote. Kuna shina jingine la Kiarabu, linalokaribia hilo kwa sauti, ambalo limekipa Kiswahili neno hisa, yaani fungu. Katika Kiarabu mashina hayo mawili hutengwa kwa herufi ya kwanza, lakini katika Kiswahili cha leo herufi zote mbili zimekuwa h moja, na maana ya umahsusi na maana ya fungu zikasogeleana. Kwa sababu hiyo kamusi za zamani zililiweka neno husu jirani na kumgawia mtu fungu lake na kuwa haki ya mtu, kabla hazijafika kwenye maana iliyozoeleka leo. Kitu kilichomhusu mtu kilikuwa kimemwangukia kama sehemu yake.

Sarufi imelihifadhi jambo hilo hata kwa msemaji asiyejua neno moja la Kiarabu. Tazama umbo la kitenzi katika sentensi hizi: neno hili linanihusu, linakuhusu, linawahusu. Mtu anayehusiwa ameingia ndani ya kitenzi. Amekaa kati ya wakati na shina, wala haiwezekani kumtoa bila kulivunja neno. Sasa tazama: neno hili linahusiana nami, linahusiana nawe, linahusiana nao. Mtu ametolewa nje, amesimamishwa mlangoni kwa kiunganishi na. Kitenzi cha kwanza kinamtaja mwenye jambo. Kitenzi cha pili kinataja vitu viwili vilivyo karibu, kisha kinanyamaza. Tena pana kuhusika, ambapo mtu mwenyewe huwa mtenda wa sentensi: yeye ndiye anayehusika, yeye ndiye mhusika. Kwa hakika si bure kwamba wahakiki wa fasihi walipotafuta neno la kuwaita watu wa hadithi na tamthilia walilichagua wahusika, kwa kuwa hao ndio ambao mambo yote huwaangukia.

Kwa hiyo lugha ilikuwa na vyumba vitatu vyenye kuta. Kuhusu ni kwa jambo lenye mwenyewe. Kuhusika ni kwa mtu aliyeangukiwa na jambo. Kuhusiana ni kwa vitu viwili ambavyo kila kimoja kina mkono kwa mwenziwe. Kuta hizo zilianza kubomoka Kiswahili kilipopewa kazi ya kuwa lugha ya maandishi ya nchi nyingi kwa mara moja.

Kazi hiyo ina tarehe zake. Edward Steere alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, kamusi ya Krapf, iliyotegemea zaidi lugha ya Mombasa, ikachapishwa 1882, A. C. Madan akatoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili 1894 na ya Kiswahili kwa Kiingereza 1903. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ambayo katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kamusi zinazojulikana kwa jina lake zilitoka 1939. Hapana shaka kazi hiyo ilikuwa kubwa na yenye manufaa. Lakini kamusi ya lugha mbili ina desturi yake: huweka neno la lugha moja mbele ya neno la lugha nyingine kana kwamba yana uzito sawa, na mwanafunzi aliyejifunza hivyo hulichukua la pili kama kivuli cha la kwanza. Kivuli hakina haki zake. Huenda aendako mwenyewe.

Katika Nyanda za Juu Kusini, yaani Iringa, Mbeya na pande zake, neno husu lilikuja pamoja na boma, kodi na baraza. Wenyeji walikuwa na maneno yao ya kupimia ukaribu wa watu. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na neno ukwangala, yaani raha na wajibu wa kukaa pamoja na wenzi wa rika moja, nalo Monica Wilson, mwanachuoni wa Afrika Kusini aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alilifanya nguzo ya kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya vijiji vya marika. Wahehe na Wangoni, waliopigana vita vikali kati ya 1878 na 1882, wakageuka kuwa watani. Na utani ni uhusiano wenye masharti, maana mtani ana ruhusa ya kutukana na pia ana kazi msibani. Wote wawili hutaniana kwa haki sawa. Hapo kiambishi -ana kimestahili mahali pake, kwa sababu kinachotolewa na huyu hurudishwa na yule. Lugha za Kibantu za nyanda hizo zina kiambishi hicho hicho: Mnyakyusa akisema gana ni kupenda, akisema ganana ni kupendana. Kwa hiyo mtu wa Mbeya au Iringa aliyejifunza Kiswahili ukubwani hakuhitaji kufundishwa maana ya kutendana. Alikuja nayo kutoka nyumbani.

Uzito wa tofauti hii waonekana vizuri katika jambo moja la historia ya Iringa. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ngome yake ya Kalenga ikatekwa mwishoni mwa Oktoba 1894. Naye akajiua kwa risasi tarehe 19 Julai 1898 alipozingirwa. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, mataifa yaliyoshinda yaliandika katika Mkataba wa Versailles wa 1919 ibara ya 246. Ibara hiyo ilitaja vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa msahafu wa Khalifa Uthman, uliopaswa kurudishwa kwa Mfalme wa Hijazi. Cha pili kilikuwa fuvu la Mkwawa, lililopaswa kukabidhiwa kwa Serikali ya Mfalme wa Uingereza.

Msomaji atazame vizuri. Kwa Kiingereza ni rahisi kusema kwamba ibara hiyo ‘relates’ na fuvu, kisha mtu akaridhika. Kwa Kiswahili hapana budi kuuliza fuvu lenyewe lilimhusu nani. Liliwahusu Wahehe, na kabla ya wote liliuhusu ukoo wa Mkwawa. Lakini mkataba haukuwataja kuwa wenye kupokea. Msahafu ulipewa mfalme aliyetazamwa kuwa mwenyewe. Fuvu likapewa serikali iliyokuwa ikichukua nchi kutoka kwa serikali nyingine. Wenye fungu hawakuwamo katika kitenzi. Walisimama nje, baada ya kiunganishi. Mtu atakayeandika leo kwamba ibara ya 246 ilihusiana na Wahehe hatakuwa amevunja sarufi, na pengine hatakuwa amesema uongo, lakini atakuwa amekifunika kile ambacho historia inapaswa kukifunua, yaani kwamba jambo liliwahusu na hawakuhusishwa.

Fuvu halikurudi katika muda uliowekwa na mkataba, wala katika miaka 30 iliyofuata. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, mahali palipokuwa na mafuvu mengi yaliyoletwa kutoka Afrika. Alichagua moja kwa vipimo, kwa kulinganisha umbo lake na umbo la vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai, na kwa kuwa lilikuwa na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, huko Kalenga, ambako limehifadhiwa. Hapa yametokea maneno yote matatu. Kwa njia ya vipimo, fuvu lilihusiana na vichwa vya jamaa: vitu viwili viliwekwa pamoja vikafanana. Kwa njia ya haki, fuvu liliwahusu Wahehe. Na Adam Sapi, ambaye baadaye aliongoza Bunge la nchi huru akiwa Spika, alikuwa mhusika. Wako wataalamu waliotia shaka kama fuvu lililochaguliwa ndilo hasa. Shaka yao ni juu ya kuhusiana, na vipimo vipya vyaweza kuithibitisha au kuiondoa. Haigusi kuhusu. Haki ya Wahehe ya kudai kichwa cha mtawala wao haikutoka katika vipimo vya Bremen, wala haiwezi kuondolewa navyo.

Ikiwa mfano wa Iringa unaonyesha mahali ambapo kuhusiana hakutoshi, Mbeya ina mfano wa mahali ambapo ndilo neno lenyewe. Katika jiji la Mbeya kuna mahali paitwapo Soweto, na soko lake linajulikana na wakulima wa milimani na wachuuzi wa barabara kuu. Jina hilo si la Kisafwa wala la Kinyakyusa wala la Kiswahili. Lilitungwa Afrika Kusini kwa silabi za mwanzo za maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi, na likafanywa rasmi mwaka 1963 kuwa jina la vitongoji vya Waafrika kando ya Johannesburg. Baadaye limetua katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Moshi ina Soweto, na Nairobi ina zaidi ya moja. Mtu aweza kudhani kwamba hapa hapana zaidi ya mwangwi. Jina limeazimwa, na aliyeazimwa hana habari. Ingekuwa hivyo, kusema kwamba Soweto hizo mbili zinahusiana kungekuwa kutia chumvi, maana mkono ungekuwa wa upande mmoja.

Lakini njia kati ya Mbeya na Johannesburg ilikwisha kanyagwa kabla jina halijatungwa. Vijana wa Rungwe na wilaya za jirani walizoea kwenda mbali kutafuta fedha. Wengine walikwenda karibu, katika machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya. Wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Na wengine waliandikishwa na shirika la WENELA, lililokusanya vibarua kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Witwatersrand. Baada ya Uhuru serikali ya Tanganyika iliukomesha uandikishaji huo, kwa kuwa haikuweza kuulaani ubaguzi na papo hapo kuupelekea mikono ya kazi. Basi nguvu za Nyanda za Juu Kusini zilikuwa zimekwenda kusini na kuchimba dhahabu ya watu wengine.

Kisha mkono wa pili ukarudi. Mwezi wa Januari 1962, yapata mwezi mmoja baada ya Tanganyika kupata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Nelson Mandela aliondoka Afrika Kusini kwa siri, akapitia Bechuanaland, na ndege yake ikatua Mbeya. Katika tawasifu yake ameeleza alivyoshangaa hotelini kuwaona weusi na weupe wameketi pamoja wakizungumza. Mbeya ilikuwa mlango wa kwanza wa nchi huru alioingia. Baada yake wakimbizi na wapigania uhuru wengi walipita au kukaa katika nyanda hizo: chama cha PAC cha Afrika Kusini kilikuwa na kambi Chunya, na Mgagao, katika Mkoa wa Iringa, ilikuwa kambi ya wapiganaji wa Zimbabwe. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto walipotoka mabarabarani kukataa kufundishwa masomo yao kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi, habari hiyo ilifika katika nchi ambayo watoto wake wa shule za msingi walikuwa wakisoma kwa Kiswahili tangu miaka ya mwisho ya 1960. Walijua thamani ya jambo ambalo wenzao walilifia.

Mtu akisema, kwa kuyakumbuka hayo, kwamba Soweto ya Mbeya na Soweto ya Johannesburg zinahusiana, amesema neno lenye uzani kamili. Waliokwenda na waliokuja wamekamilisha kiambishi -ana. Njia ya reli ya TAZARA yatoa mfano wa jozi nyingine ya namna hiyo. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia, isiyo na bahari, ilikuwa ikitegemea njia za kusini zilizoshikwa na maadui wa uhuru. Reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975 na kupita Makambako na Mbeya, ilikusudiwa kuugeuza utegemezi huo kuwa kutegemeana. Silabi moja ilibeba siasa ya mataifa mawili.

Hapa mpinzani aweza kusimama na hoja nzuri. Atasema kwamba kiambishi -ana hakina maana ya kutendana peke yake. Mlima huonekana pasipo kumwona mtu, maji hupatikana pasipo kumpata mtekaji, na kamba ikifungamana na mti, mti haukufunga kitu. Kwa hiyo, atasema, kuhusiana ni kuwa pamoja tu, wala halidai mikono miwili. Hoja hiyo ni ya kweli kwa upande wa sarufi. Lakini inathibitisha jambo lile lile kwa njia ya nyuma. Ikiwa kuhusiana ni kuwa pamoja tu, basi haliwezi kabisa kufanya kazi ya kuhusu, kwa sababu kuwa pamoja hakusemi ni nani mwenye kitu. Likichukuliwa kuwa la kutendana, hudai haki ya pande mbili. Likichukuliwa kuwa la kuwa pamoja, halidai haki yoyote. Kwa tafsiri zote mbili, haki ya upande mmoja haipati mahali pa kukaa humo.

Wanahisabati wameligusa jambo hili kwa njia yao. Katika somo la seti, uhusiano waweza kuwa wa kwenda na kurudi, kama ule wa ndugu: A akiwa ndugu ya B, B ni ndugu ya A. Waweza pia kuwa wa kwenda tu, kama ule wa baba: A akiwa baba wa B, B hawi baba wa A. Kiswahili hutumia neno uhusiano kwa yote mawili, ingawa umbo lake laonyesha kwenda na kurudi. Darasani hapana hatari, kwa kuwa mwalimu hueleza sifa za kila uhusiano. Nje ya darasa hakuna mwalimu wa kueleza, na neno hubaki na ukungu wake.

Ukungu huo umezidi katika neno mahusiano. Wanasarufi wengi hulikataa, wakisema kwamba uhusiano halina wingi; watumiaji nao wameendelea nalo bila kuomba ruhusa. Ugomvi huo wa umbo umefunika swali kubwa zaidi la maana. Vijana husema kwamba fulani na fulani wako katika mahusiano, nao wamefasiri usemi wa Kiingereza. Lugha ilikuwa na uchumba, urafiki, hawara, mke na mume, na kila neno lilimwambia msikilizaji nani amepeleka posa, nani anadaiwa mahari, na nani atahukumiwa akivunja ahadi. Mahusiano halisemi lolote katika hayo. Labda ndiyo sababu linapendwa: linataja ukaribu bila kutaja deni.

Hata hivyo, mahali ambapo ukungu waweza kumdhuru mtu zaidi ni mahakamani. Kwa miaka mingi Mahakama za Mwanzo za Tanzania zilitumia Kiswahili, na mahakama za juu yake zikaandika kumbukumbu na hukumu kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Sheria Na. 1 ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, ambayo iliifanya lugha ya sheria na ya mahakama kuwa Kiswahili. Uamuzi huo ulikuwa wa heshima kubwa kwa lugha, na umewakabidhi wafasiri wa sheria kazi ambayo haijapata kufanywa kwa kiasi hicho. Waandishi wa sheria za Kiingereza hupenda sana maneno ‘relating to’. Kila yanapotokea, mfasiri wa Kiswahili yuko njia panda.

Chukua maneno haya: shauri linalohusu shamba. Mwanakijiji wa Rungwe au wa Kilolo akiyasikia ataelewa kwamba shamba lenyewe ndilo linalogombaniwa, na kwamba mwisho wa shauri litakuwa la mtu mmoja na si la mwingine. Sasa chukua haya: shauri linalohusiana na shamba. Laweza kuwa shauri la ng’ombe aliyepita shambani, la kibarua aliyenyimwa ujira wake, la jirani aliyetukanwa kwenye mpaka. Ikiwa sheria inasema kwamba mashauri ya namna ya kwanza yaende katika baraza fulani, na mfasiri akaandika namna ya pili, mlango umepanuliwa kwa kosa la silabi chache, na mwenye shamba aweza kuzungushwa kutoka baraza hadi baraza kabla haki yake haijasikilizwa. Kwa upande mwingine, sheria nyingi huanza kwa kueleza madhumuni yake, kisha humalizia kwa kutaja mambo mengine yanayohusiana na hayo. Hapo kuhusiana ni neno sahihi kabisa, kwa kuwa linakusudia yale yaliyo pembeni ya jambo kuu. Mfasiri mwangalifu atayatumia maneno yote mawili katika sheria moja, kila moja kwa kazi yake.

Namna ya kuyatenga si ngumu. Mwandishi anayeona ‘relate’ mbele yake na aulize kwanza: je, mtu au kitu hiki chaweza kuingia ndani ya kitenzi? Ikiwa jambo linamwangukia, likimletea haki au mzigo, basi aandike linamhusu, amweke mwenyewe kati ya silabi mahali asipoweza kusahauliwa. Ikiwa mtu ametenda au ameangukiwa na anapaswa kuitwa ajibu, basi aandike anahusika. Ikiwa vitu viwili vinapeana na kupokeana, au viko jirani tu, aandike vinahusiana, na ikimpasa aeleze kwa namna gani. Na ikiwa watu ni wa damu moja, hakuna haja ya kwenda mbali: ni ndugu.

Wahenga walisema, pilipili usizozila zakuwashiani? Methali hiyo humkanya mtu asijitie katika jambo lisilomhusu, na hakuna anayeifasiri kwa kuhusiana. Wasemaji wa kawaida, sokoni na barazani, hawajapotea. Bado husema ‘hainihusu’ na ‘inakuhusu nini?’ bila kufundishwa na mtu, na kila mara humaanisha fungu, haki na mpaka. Waliopotea ni wenye kalamu. Ikiwa maandishi ya sheria, ya historia na ya vyuo yatajifunza upya kwa wasemaji hao, basi Mhehe atakayesoma habari za fuvu la Mkwawa, na mkulima atakayesoma hati ya shamba lake, watajikuta ndani ya kitenzi.